Gitaa moja, au na ala nyingine za nyuzi? Maswali tunayoulizwa sana Lamu

Maswali haya huulizwa barazani jioni, huulizwa kwenye boti ya Mokowe, na siku hizi mengi huja kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane. Nimeyaweka pamoja ili nipumzike kuyajibu moja moja. Anayejibu hapa hupiga gitaa na udi, na huzitengeneza ala hizo mbili zinapovunjika, kwa hiyo msishangae akiegemea upande.

Nina gitaa moja na linanitosha. Lakini kila mtu ananiambia maadamu niko Lamu nijifunze udi. Nifanyeje?

Kama linakutosha, basi limekutosha. Kuzaliwa Lamu hakumlazimishi mtu kupiga udi, kama ambavyo kuzaliwa Matondoni hakumfanyi kila kijana kuwa fundi wa jahazi.

Sababu ninayoikubali ya kutafuta ala ya pili ni moja: kuna sauti inakuzunguka kichwani, umeitafuta kwenye gitaa, na gitaa haliwezi kuitoa. Nasema gitaa haliwezi. Kama ni wewe ambaye hujaweza, hilo ni jambo lingine, na ala mpya hailiponyi. Sababu nyingine ninazoletewa (fulani kanunua, nimeona video, gitaa limenichosha) mimi huzisikiliza kwa heshima, kisha humwambia mwenyewe aende nyumbani akabadilishe nyuzi.

Sasa nitajuaje kama nimefika mwisho wa gitaa au nimekwama tu?

Mwisho wa gitaa hakuna aliyeufika. Kukwama ndiko kwa kawaida, na dalili zake nazijua kabla mtu hajamaliza kueleza: anajua mianzo ya nyimbo nyingi na hajui mwisho wa hata mmoja, kodi zake (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni zile zile za chini, C, G, Am na F anayoiogopa, mkono wa kulia una mdundo mmoja unaotumika harusini, ufukweni na msibani.

Jipime hivi. Chagua wimbo wa harusi uliokua nao, ule ambao mama zako wanauimba bila kufikiri. Weka simu mbali. Tafuta melodi yake kwenye uzi mmoja tu, kwa sikio. Ukiipata, ihamishe: ianzie pahala pengine shingoni, kwenye nyuzi mbili, kisha tatu. Halafu mtafutie mwimbaji sauti inayomfaa bila kutumia kapo, kile kibano cha shingoni. Ukishindwa pale mwanzo kabisa, kwenye uzi mmoja, basi lililokukwamisha ni sikio. Na udi hauna freti, vile vyuma vya shingoni, hata moja za kulisaidia sikio hilo.

Ukitaka kujua gitaa moja lina kina kiasi gani, msikilize Mwenda Jean Bosco wa Kongo akipiga “Masanga”, aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Ni mtu mmoja na gitaa moja lisilo na umeme. Kidole gumba kinashika besi na cha shahada kinajibu juu, na ukifumba macho utaapa wako wawili. Au nenda upande wa Nyanza: wapigaji wa benga, muziki wa gitaa wa huko, walikuwa na nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8, masikioni mwao tangu utotoni, na walipolishika gitaa wakalifanya liseme kama nyatiti. Hawakuwa na haja ya kubeba ala mbili. Waliihamishia ile ya kwanza ndani ya hii ya pili.

Gitaa linaweza kupiga taarab?

Hapa pana maneno mengi, tukae kitako.

Linaweza, kwa sehemu. Bendi nyingi za taarab zimekuwa na gitaa la umeme na gitaa la besi kwa miaka, na hakuna aliyerudishiwa kadi ya harusi kwa sababu hiyo. Lakini swali hili likija kutoka kwa mtu anayesikiliza nyimbo za zamani, huwa anauliza kitu kingine: mbona nikiipiga ile melodi kwenye gitaa inakuwa kama imepigwa pasi?

Sababu ni freti. Gitaa limeigawa oktava sehemu 12 zilizo sawa, na kila freti ni nusu toni. Baadhi ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, yanakaa humo bila taabu. Ajam ni kama meja ya kawaida. Nahawandi iko karibu sana na maina. Kurdi inaingia. Hijazi pia inaingia, na ndiyo inayompa mpiga gitaa furaha ya kwanza: anzia D, kisha Eb, F#, G, na hapo hapo chumba kizima kinanukia ubani. Wengi wakishapiga Hijazi hudhani wamemaliza habari ya muziki wa Kiarabu.

Kisha inakuja Rasti. Rasti ya C inataka sauti ya tatu ambayo si Eb wala si E, iko katikati. Bayati ya D inaitaka sauti hiyo hiyo, mara tu baada ya D. Saba nayo inaitaka. Pale inapokaa sauti hiyo, gitaa lako lina mbao tupu kati ya chuma na chuma.

Kuna hila. Kwenye uzi wa A, D iko freti ya 5 na Eb iko freti ya 6. Bonyeza ya 6 kisha uvute uzi kwa ubavu, kidogo sana, chini ya wanavyovuta wapiga bluzi. Uzi ukivutwa sauti hupanda, kwa hiyo daima unaanzia chini na kupanda. Kuishukia sauti hiyo kutoka juu huwezi mpaka uwe umeuvuta uzi kabla ya kuupiga. Usijaribu kwenye uzi wa D kwa kuanzia wazi, maana freti ya 1 iko karibu mno na mwanzo wa shingo na uzi hapo ni mgumu kama kamba ya nanga. Kwa sauti moja moja, ndani ya sentensi ya polepole, hila hii inapendeza. Kwa wimbo mzima wa Bayati utachoka, na waliokaa mbele watajua.

Huyo sasa, aliyevuta uzi mpaka ncha ya kidole ikamuuma na bado anaisikia sauti anayoikosa, ndiye ninayemwambia atafute udi. Amekuja kwa njia ya sawa.

Je, nikibadilisha tyuni tu ya gitaa?

Fanya hivyo kabla ya kununua chochote. Ni bure.

Teremsha uzi mnene kutoka E hadi D. Teremsha wa pili ukihesabu kutoka mwembamba, kutoka B hadi A, na wa kwanza kutoka E hadi D. Sasa unasoma D A D G A D. Zikipigwa wazi hazikuambii ni meja au maina, zinakaa tu chini kama wimbi huku melodi inatembea juu yake. Hijazi ya D hapo inapata nafasi ya kupumua. Tyuni hii ilienezwa na Davey Graham wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliifikia akiwa Moroko akitafuta namna ya kuandamana na wapiga udi. Naye alikuwa na gitaa lake lile lile.

Ukimaliza urudishe polepole, na ujue kwamba nyuzi zilizochakaa zikipandishwa na kushushwa hukatika. Uwe na za akiba.

Kwa mtu anayejua gitaa, udi ni mgumu kiasi gani?

Mkono wa kushoto hupata nafuu, mkono wa kulia huanza upya, na sikio hupelekwa madrasa.

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake. Tyuni ya Kiarabu inayotumika sana, kutoka chini kwenda juu, ni C F A D G C. Tazama sehemu ya juu: A hadi D, D hadi G, G hadi C. Ni hatua zile zile za nne unazozijua kutoka A hadi D na D hadi G ya gitaa, kwa hiyo vidole havipotei njia. Urefu wa uzi unaolia ni kiasi cha sentimita 58 hadi 61, wakati gitaa la nailoni huwa na 65. Nafasi zinakaribiana zaidi, jambo linalowafaa wenye mikono midogo.

Taabu iko kwenye risha, kijiti cha kupigia nyuzi za udi. Mpiga gitaa huishika pleki kwa ncha za vidole viwili na kuchezesha kifundo cha mkono. Risha ni ndefu, imelala ndani ya kiganja, sehemu kubwa imefichwa, na inatoka kidogo tu ikielekea nyuzi. Kifundo kimekunjwa ndani, na pigo zuri linashuka kwa uzito wa mkono wenyewe. Mwanafunzi aliyezoea gitaa hupiga kwa nguvu kwa sababu udi haumjibu, na udi nao humjibu kwa kelele ya risha ikigonga ubao. Anayetulia na kuuachia mkono uanguke ndiye anayeipata ile sauti ya duara.

Lingine ni mgongo. Tumbo la udi ni duara kama nusu ya peya, linateleza pajani. Ukiuinamia ili uone vidole vyako, mgongo utakuuma na bado hutaona kitu cha maana, kwa kuwa hakuna freti za kuonwa. Kaa sawa, tazama mbele, sikiliza.

Na umsikilize Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Usikilize jinsi anavyoiacha sauti iishe kabla ya kuleta nyingine. Kasi utaitafuta baadaye.

Mwanangu ana miaka 7 na anataka gitaa. Nimpe ukulele?

Mpe, mama. Nyuzi nne, nailoni, haziumizi vidole. Tyuni yake ni G C E A, na maumbo ya kodi ni yale yale ya nyuzi nne nyembamba za gitaa lililowekwa kapo freti ya 5, kwa hiyo atakapohamia gitaa hataanza sifuri. Msimwambie ni gitaa la mtoto, lakini. Ni ala kamili, iliyozaliwa Hawaii kutokana na kigitaa kilicholetwa na Wareno wa Madeira mwaka 1879, na wako watu wazima wanaojipatia mkate kwayo.

Kwa mtu mzima ambaye tayari anapiga gitaa, sioni ukulele unampa nini kipya zaidi ya wepesi wa kubeba.

Mandolini na fidla je?

Zote mbili ni G D A E, hatua za tano, kwa hiyo vidole vya gitaa vitapotea mwanzoni. Mandolini ina freti na nyuzi 8 za jozi, na ni ngazi nzuri ya kwendea fidla. Fidla ni roho ya taarab, hilo silikatai, lakini mkono wa kulia wa fidla ni elimu peke yake na gitaa halikufundishi hata herufi yake ya kwanza. Kama unakaa Langoni, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, waombe majirani radhi mapema.

Na kanuni? Na taishokoto?

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Asiyependa kutyuni aiache. Taishokoto ya Mjapani, yenye vibonyezo kama vya mashine ya kupigia chapa, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na ikapata makao katika taarab ya pwani ya Kenya. Anayekutana na nzima siku hizi aishike vizuri.

Nimesikia wazee wakitaja kibangala. Ni nini hasa?

Ni ndugu mdogo wa udi: tumbo na shingo vimechongwa kutoka gogo moja, na uso umewambwa ngozi badala ya ubao. Ukoo wake ni mmoja na qanbus ya Yemeni na gabusi ya Ngazija. Sauti ni kavu, ya karibu, haikai hewani. Fundi wa kuchonga Lamu ana mikono ya kukitengeneza akipewa mfano mbele yake. Mbao na ngozi tunazo. Kama unatafuta ala ya pili kwa mapenzi ya pwani yenyewe, mimi ningependa vijana wawili watatu waende huko badala ya wote kugombania udi wa kuagiza.

Hewa ya hapa inaharibu ala. Nikiwa na tatu nitazitunzaje?

Hii ndiyo hoja kubwa ya watu wa gitaa moja, na sina ugomvi nayo.

Mbao za gitaa zinapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hapa kwetu unyevu mara nyingi hupita 70, na kusi ikija na mvua zake za Aprili na Mei huzidi. Ubao wa uso unavimba, unabeba juu daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni, nyuzi zinainuka kutoka shingoni, na mwenye gitaa anasema vidole vyake vimekuwa dhaifu. Vidole ni vile vile. Pima kwa macho: shika gitaa kama unavyotazama boriti kama imenyooka, tazama uso nyuma ya daraja. Ukiona tumbo limetoka kupita kawaida, legeza nyuzi na ulilete kwa fundi kabla daraja halijang'oka.

Chumvi inakula nyuzi za chuma. Zifute kila ukimaliza, juu na chini, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Weka ala ndani ya kasha pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilishe, maana vikishashiba havifanyi kazi. Usiache gitaa juu ya sitaha ya boti wakati wa jua la saa saba: gundi hulainika. Wala usilitundike kwenye ukuta unaotoa majimaji, hata kama kidaka kinapendeza.

Udi una lake zaidi. Vigingi vyake ni mbao ndani ya mbao, bila gia. Msimu wa mvua hukwama. Kaskazi ikikausha hewa huteleza na udi ukajitelemsha wenyewe usiku. Kinachokwama kipake sabuni kavu kidogo, kinachoteleza kipake chaki. Kazi hiyo huisha kwa robo saa ukiwa na udi mmoja. Ukiwa na udi, mandolini na magitaa mawili, Ijumaa yako imekwisha na hujapiga kitu.

Kanuni yangu: ala ambayo haijashikwa tangu mwezi uandame, mwazime mtu atakayeipiga. Ala inayopigwa huonekana kasoro zake mapema.

Niuze gitaa ili ninunue udi?

Hapana. Azima udi kwanza, hata wa kukaa nao kwa wiki chache, upige ndani ya nyumba yako mwenyewe. Wengi hugundua walichokipenda ni mpigaji fulani na si ala. Ukiona unaurudia kila siku bila kukumbushwa, hapo anza kuweka akiba. Na siku ya kununua angalia shingo kama imenyooka, daraja kama halijaanza kujifungua upande wa nyuma, na kila kigingi kama kinashika. Udi mwingi unaouzwa kwa watalii ni pambo la ukutani lenye nyuzi.

Nikipiga zote mbili sitachanganyikiwa? Wazee husema mshika mbili moja humponyoka.

Wazee hao hao walikuwa na mpiga udi aliyeshika fidla mwenzake akiumwa. Utachanganyikiwa ukijifunza nyimbo tofauti kwenye kila ala. Chukua wimbo mmoja, uupige kwenye udi kwanza sikio likiwa halijachoka, kisha uupige huo huo kwenye gitaa. Utaanza kuvuta nyuzi za gitaa mahali ambapo hukuwa unavuta, na utaacha kujaza kodi kila pengo. Faida kubwa ya udi nimeiona kwenye magitaa ya watu.

Dini inasemaje kuhusu nyuzi?

Hilo muulize mwalimu wako. Mimi natengeneza daraja.

Nyuzi za udi zimekatika na za kuagiza Mombasa hazijafika Mokowe. Naweza kuweka za gitaa?

Za nailoni, kwa dharura, ndiyo. Uzi wa pili wa gitaa la nailoni, ule wa B, unakaa vizuri kwenye jozi ya G ya udi. Uzi wa kwanza unaweza kuingia kwenye jozi ya C ya juu lakini utakaza kuliko unavyotakiwa; teremsha udi wote kwa toni moja mpaka nyuzi zako zifike. Funga kwenye daraja kama ulivyofunga za gitaa la nailoni.

Za chuma usithubutu, kwenye udi wala kwenye gitaa la nailoni. Seti ya chuma ya kawaida huvuta kwa karibu kilo 70, ya nailoni karibu 40. Daraja likiruka nalo huondoka na kipande cha uso, na kukirudisha kipande hicho kunachukua muda na pesa kuliko kungoja basi.